Pango Lile Lile

Kwa Mkuu wa Kamandi,
Kamandi Kuu ya Uvamizi wa Dunia,
Idara ya Mipango na Utekelezaji,
Anga za Juu.

YAH: KUZOROTA KWA MIRADI YA UVAMIZI, 1953 HADI 1956

Ndugu Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Dunia na mtazamaji wenu wa siku nyingi. Siandiki kuomba huruma. Mkitaka kutuangamiza, hiyo ni kazi mliyotumwa na sina mamlaka ya kuiingilia. Ninacholalamikia ni kiwango. Binadamu anayengoja kuangamizwa ana haki ya kukaa macho mpaka zamu yake ifike, na kwenye mradi wenu wa mwaka 1954 haki hiyo nilinyimwa.

Namaanisha filamu ya Killers from Space. Mkurugenzi mliyempa kazi, W. Lee Wilder, alikuwa kaka wa Billy Wilder aliyetengeneza Sunset Boulevard na Some Like It Hot. Ni wazi kwamba siku ya kugawa urithi wa vipaji katika nyumba ile, mmoja hakuwepo.

Kwenye karatasi mpango wenu ulikuwa mzuri, na nitausifu kabla ya kuuponda. Jua la kwenu linazimika, mnatafuta makazi. Mkawaona Wamarekani wanalipua mabomu ya atomiki jangwani, mkajichimbia chini ya eneo la majaribio na kuanza kuvuna nguvu ya milipuko ile ili mfuge wadudu na mijusi wakubwa watakaotula sote. Hilo si wazo dogo. Tangu mwaka 1951 mabomu yalikuwa yanalipuliwa Nevada kwelikweli, na watu walikuwa na hofu ambayo haikuwa rahisi kuisema kwa sauti bila kutiliwa shaka. Mngeigusa hofu hiyo kwa ncha ya kidole tu, ukumbi mzima ungetoka unatetemeka. Mkapata hata picha halisi za milipuko, mkazitanguliza mwanzoni. Halafu mkaanza kuongea.

Daktari Douglas Martin, mwanasayansi wa nyuklia anayeigizwa na Peter Graves, anaanguka na ndege. Anarudi kambini kwa miguu, kumbukumbu hana, kifuani ana kovu asilolijua. Hapo nilivuta kiti. Kumbe nilivuta kiti cha kikao. Mtu wa FBI anauliza maswali. Daktari wa jeshi anauliza maswali. Mke anauliza maswali. Mwisho mgonjwa anachomwa sindano ya kumlazimisha aseme kweli, anafunguka, na tunagundua kwamba ninyi, viumbe mliovuka anga lote hilo, mlimteka mtu ili mumsomee taarifa ya utekelezaji. Mmemsimamisha pangoni mkamweleza mlikotoka, mnachotaka na jinsi mitambo inavyofanya kazi. Ilibaki chai na vitafunwa.

Kisha anakimbia. Ndugu Mkuu, nimeishi kwenye nchi ya semina na warsha, nina uvumilivu wa kutosha, lakini kile kipande cha Daktari Martin kuzunguka pangoni kilinishinda. Nyuma yake kuna pazia, na kwenye pazia mnarusha picha ya mjusi wa kawaida aliyekuzwa. Daktari anashtuka, anageuka. Panzi. Anashtuka, anageuka. Buibui. Kwa mwendo huo ningetegemea kumwona kuku. Hawa wanyama hawamfuati na yeye hawagusi, kwa sababu wao wako kwenye mkanda mmoja na yeye yuko kwenye mwingine.

Macho yenu sitayasema vibaya. Najua fundi wa vipodozi, Harry Thomas, aliyakata kutoka kwenye trei za plastiki za mayai, na nakiri kwamba ndicho kitu pekee katika mradi mzima ambacho mtu alikifanya huku akifikiri. Mngetunyamazia na kutukodolea tu macho hayo kwa saa nzima, barua hii isingeandikwa.

Ila la umeme lazima niliseme. Mitambo yenu yote ya chini ya ardhi ilikuwa inakula umeme wa kituo cha jirani, na daktari anagundua kwamba ukikatika kwa sekunde chache tu, mmekwisha. Anakwenda kituoni, anamlazimisha fundi azime, mnalipuka. Kwa lugha ya huku kwetu mlikuwa vishoka. Mlivuka anga, mkaja kujiunganishia laini ya wizi, tena bila jenereta ya akiba! Mngepiga kambi Dar es Salaam wakati wa mgao, tungeokoka jioni ya kwanza bila shujaa wala sindano, na hakuna ambaye angejua kwamba Dunia ilikuwa hatarini. Tungesikia mlio kwa mbali tukadhani ni transfoma.

Nimesikia utetezi wenu: bajeti ilikuwa finyu. Utetezi huo huku tunaujua, na ndio ulionifanya nifungue majalada mengine.

Mwaka mmoja kabla, yaani 1953, mlituma Robot Monster. Phil Tucker aliipiga picha kwa siku nne kwa kiasi cha dola 16,000. Fedha za kumshonea mvamizi vazi la roboti hazikuwepo, basi akaitwa George Barrows, mtu aliyekuwa na vazi lake mwenyewe la sokwe, akavishwa na kofia kama ya mpiga mbizi. Huyo ndiye Ro-Man, jeshi zima la uvamizi. Ofisi yake ni mlango wa pango, na vifaa vyake ni meza, redio na mtambo wa kutoa mapovu ya sabuni. Ameshaua binadamu wote isipokuwa wanane, na hao wanane wanaishi pua na mdomo na ofisi yake lakini yeye hawapati.

Ni filamu mbovu kuliko Killers from Space kwa kila kipimo. Na nikiambiwa leo nichague, nitaitazama tena hiyo mbovu. Maana sokwe wenu, kwenye vazi lile zito na jua lile la California, anapata tatizo. Ameamriwa amnyonge binti wa watu, na ghafla hataki. Anasimama peke yake akibishana na nafsi yake, anatakiwa afanye na hawezi. Mtumishi wa kwanza wa Kamandi yenu kupata dhamiri! Bosi wake, Great Guidance, ambaye ni Barrows yule yule ndani ya vazi lile lile, akamuua kwa utovu wa nidhamu. Nyuma ya yote hayo unapigwa muziki wa Elmer Bernstein, kijana ambaye wakati huo milango mikubwa ya Hollywood ilikuwa imemfungia kwa sababu ya msimamo wake wa mrengo wa kushoto. Baadaye ndiye aliyetunga muziki wa The Magnificent Seven. Dola 16,000, na bado kuna mtu anayetaka kitu na mtu anayekataa kitu. Kwenye mradi wa Wilder nilitafuta mwenye kutaka kitu, nikampata mmoja tu: mimi, nikitaka iishe.

Sasa nije kwenye pango. Nilipoweka picha za majalada haya kando kwa kando, nilianza kutazama ukuta wa nyuma badala ya nyuso. Pango la Ro-Man ndilo pango la Killers from Space. Mwaka 1956 Roger Corman akamleta kiumbe wa kutoka Zuhura kwenye It Conquered the World, dubwana lenye umbo la pia iliyopinduliwa, na lenyewe likajificha humo humo. Ni Bronson, ndani ya hifadhi ya Griffith Park, Los Angeles, mwendo mfupi kwa gari kutoka kwenye studio. Wala si pango la Mungu. Ni mahandaki yaliyobaki kwenye machimbo ya mawe, ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 yalitoa kokoto za barabara za mji. Dunia nzima ina mabara na bahari, nanyi kila mwaka mnatua kwenye shimo moja la kokoto. Mkaguzi yeyote angeuliza nani anapokea kodi ya pango.

Ningewaandikia hati chafu na kufunga jalada, kama si filamu moja. Mwaka ule ule wa 1956 Don Siegel alitoa Invasion of the Body Snatchers. Haikuwa ya bure, lakini kwa Hollywood ilikuwa fedha ndogo, chini ya nusu milioni ya dola. Humo wavamizi wanakuja kama maganda makubwa ya mbegu, na ukilala, asubuhi mahali pako pana mtu mwenye sura yako, sauti yako na kumbukumbu zako, asiyependa kitu chochote. Daktari wa mji mdogo anakimbia na mwanamke anayempenda mpaka milimani. Wanajificha kwenye handaki. Anatoka kidogo, anarudi, anambusu, na kamera inausogelea uso wa yule mwanamke ukifungua macho. Basi. Hakuna mjusi kwenye pazia, wala trei ya mayai.

Handaki hilo, Ndugu Mkuu, ni Bronson.

Kwa hiyo msiniambie habari za bajeti, na msiniambie habari za eneo. Huku kwetu filamu dhaifu zina tiba: kwenye vibanda umiza mtafsiri anashika kipaza sauti na kuwapa wahusika majina, ukoo, madeni na matusi ambayo hawakuzaliwa nayo. Lufufu wa Bongo au DJ Afro wa Nairobi angeweza kumfanya Ro-Man awe shemeji wa mtu mtaani. Lakini mtafsiri naye anahitaji pa kuanzia. Kwa Daktari Martin na panzi wake, angebaki kutangaza matokeo ya mpira.

Naomba basi msitumwagie tena mvamizi anayehutubia. Leteni anayetaka kitu mpaka akikose, hata mkimvika gunia. Na mkilichoka pango la California, Tanga tuna Amboni, mapango ya kweli ya mawe ya chokaa, yenye popo wa kweli. Ila nawatahadharisha kwamba humo kuna watu wanaingia na ubani kuwaomba wasioonekana, kwa hiyo nafasi ya kutisha imeshachukuliwa na wenye uzoefu kuliko ninyi. Mkishuka, anzeni ofisini kwa mtendaji. Mtasaini kitabu cha wageni, mahali pa "anakotoka" muandike sayari kwa herufi kubwa, na mahali pa "sababu ya kuja" msiandike "binafsi" kama kila mtu.

Naomba kuwasilisha.

Mkazi wa Dunia,
Dar es Salaam.

Nakala:
Great Guidance, Sayari ya Ro-Man – kwa taarifa.
Mhasibu wa Kamandi – tafadhali fafanua gharama ya sabuni.