Jieleze kwa Maneno Yasiyozidi 300

Kuna chuo kimoja cha ng'ambo kinachotaka nijieleze kwa maneno yasiyozidi 300. Niseme mimi ni nani, kwa nini nataka shahada ya uzamili, kwa nini kwao na si kwingine, nimefanya kazi gani, nimeongoza nini, na nikihitimu nitawafaa vipi watu wangu. Maswali sita, maneno 300. Maelekezo ya kujibu yenyewe yanapita hapo. Nimeyahesabu kwa hasira.

Aliyeweka kikomo hicho hajawahi kuhudhuria baraza Ukambani. Kwetu mtu akiambiwa ajitambulishe, husimama, akakohoa, akasalimu wazee, akina mama, vijana na watoto, kila kundi kivyake. Kisha anataja ukoo, yeye ni wa Aombe au wa Atangwa, na babu yake alihama kutoka mlima upi na aligombana na nani hata akahama. Jina lake linakuja baadaye kabisa, wakati chai imeshapoa. Maneno 300 yamekwisha na hajasema kilichomleta.

Na shule ndiyo iliyotumaliza. Karatasi ya insha ya Kiswahili katika KCSE iliagiza kila insha isipungue maneno 400. Isipungue! Tukajifunza kupakia. Tulirauka alfajiri na mapema, tukatahamaki, jua likachomoza kwa madaha katika kila insha, hata ile ya ajali ya usiku. Mimi sasa ni mwalimu huku Kitui, na nimewakata alama watoto wengi kwa kosa la kusema jambo likaisha. Leo napewa adhabu kwa kinyume chake.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba vijana wanaoomba shahada ya kwanza Uingereza kupitia UCAS wanaruhusiwa herufi 4,000, nafasi zikiwamo. Hayo ni maneno kama 600 hivi. Mtoto wa miaka 17, amefanya nini cha kujaza herufi 4,000? Mimi mwenye mshahara, madeni na nywele zinazohama napewa nusu yake.

Ninachotaka kusomea ni maji, na hapo ndipo maneno yanapoyeyuka. Msomaji wa huko akiona neno mto, anaona maji na bata. Lazima nimweleze kwamba mto wetu ni mchanga. Maji yapo, lakini chini, na mama hufukua shimo linalomfika shingoni ili ayachote kwa kikombe. Mvua ikinyesha milimani, mto huohuo hushuka kwa saa chache ukiwa na magogo na ng'ombe wa watu, kisha ukarudi kuwa mchanga. Halafu nimweleze bwawa la mchanga: watu wa mwethya, kikundi cha kazi za pamoja, hubeba mawe, wakajenga ukuta wa zege kukatiza mto, mafuriko yakaja na mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji yakakaa katikati ya chembe, mahali ambapo jua halifiki na mbu hapati pa kutagia. Kitui na Makueni zina kuta hizo kwa mamia. Hapa Kitui shirika la SASOL limekuwa likizijenga na wanakijiji tangu miaka ya 1990. Basi, hapo theluthi ya kisanduku imekwisha na mimi bado sijazaliwa.

Nikafupisha nikaandika "bwawa lililojaa mchanga". Rafiki aliyesoma huko akaniuliza kwa upole kwa nini najivunia bwawa lililoziba.

Basi nikampelekea rasimu mjomba wangu wa Kathonzweni, mwalimu mkuu mstaafu, anipunguzie maneno. Akaongeza. Kwa mkono wake mzuri wa wino wa bluu aliandika nilizaliwa kijiji gani, nikabatizwa katika kanisa la AIC mwaka gani, nikajiunga na darasa la kwanza chini ya mwalimu yupi, na kwamba nilikuwa mtu mcheshi, mpenda watu na mcha Mungu. Ulikuwa wasifu wa marehemu mtupu. Kilichobaki ni kuugua kwa muda mfupi na ratiba ya mazishi.

Mama naye alikuwa na lake. "Umemwandika shangazi yako aliyeuza mbuzi ukaenda Form One?"

"Mwaitu, nafasi haitoshi."

"Usipomtaja atasikia."

"Atasikiaje? Barua inakwenda Uingereza."

"Atasikia."

Shangazi yumo. Amechukua maneno 14, na mbuzi mawili.

Msije mkasema hatujawahi kuandika kwa ufupi. Fomu ya basari ina mistari michache tu ya kueleza kwa nini unastahili, nasi huimaliza, tukapanda ukingoni, tukageuza karatasi, tukaambatisha barua ya chifu. Lakini basari ina huruma ya aina yake: huko unashindana kwa dhiki. Kwenye maelezo haya binafsi unashindana kwa uongozi. Mwaka wa ukame, ng'ombe wetu alikufa. Kwenye basari niliandika kwamba tulipoteza ng'ombe wetu wa pekee. Kwenye fomu ya chuo nimeandika kwamba niliratibu mwitikio wa familia kwa dharura ya mifugo. Ng'ombe ni yuleyule. Niliratibu kwa kushika mkia.

Nilipokwenda saiba mjini kupakia hayo yote, kijana wa pale alinakili, akabandika, na fomu ikameza ziada bila hata kubisha. Sentensi ya mwisho iliyosalia ilisomeka: "Kwa hiyo mimi ni." Kijana akaitazama kidogo, akasema iko sawa, wengi huishia hapo. Akanitoza shilingi za kuchapisha kurasa mbili, ya pili ikiwa tupu.

Sasa nimekata. Babu ametoka, ubatizo umetoka, ucheshi umetoka wenyewe. Kilichobaki ni mto, ukuta, kazi niliyofanya na wanafunzi wangu ya kupima kina cha maji visimani, na shangazi. Naona maelezo si mabaya, ingawa yananifanya nionekane mtu asiye na jamaa ila mmoja.

Wenye vyuo, nina ombi. Ulizeni swali moja, si sita, nami kwa maneno 300 nitalijibu hadi mridhike, hata likiwa la mto. Na wewe unayejaza fomu kama hii huko Mwingi au Kibwezi, anza na kazi unayotaka kwenda kuifanya, maana jina lako tayari liko juu ya fomu. Mjomba mwonyeshe ukishatuma.