Sifa za Kisanduku Kilichogoma Kusahau

Wenzangu husifu bahari, mama na embe dodo. Mimi nasifu kisanduku cheusi cha kuhifadhia picha, chenye diski mbili, kinachokaa chini ya kaunta ya studio yetu ya picha za harusi, na hasa ile taa yake ya rangi ya machungwa iliyopepesa tangu Ijumaa asubuhi mpaka Jumapili jioni bila kutuambia neno.

Kosa lilikuwa letu. Tulisahau nenosiri. Katika vifaa vingi vya aina hii, ukichomeka pini kwenye kitundu cha nyuma ukabonyeza sekunde chache, hufutika nenosiri na mipangilio ya mtandao tu. Mafaili hubaki yalipo. Kijana wetu alibonyeza kama anayekamua jipu. Kisanduku kikaelewa tunataka kirudi kama kilivyotoka kiwandani, kikaanza safari, kikafika katikati, kikaketi.

Nani mwingine aliwahi kutukalisha studio nzima tukitazama kitu kimoja? Hata mechi ya watani wa jadi hutugawa. Mmoja wetu aliapa kwamba taa inapepesa haraka kuliko jana; mwingine akaihesabu kwa saa ya mkononi kumsuta. Mzee mwenye studio akiingia tunamwamkia, anaitikia marahaba huku macho yako chini ya kaunta.

"Wanangu, imekwisha?"

"Bado, mzee. Inafikiri."

Anaridhika. Siku nyingine mtu akionekana anafikiri kazini, mzee hununa.

Na subira je? Diski ya terabaiti 4, ikipitiwa yote kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, hutaka zaidi ya saa 7, tena ikiwa nzima. Kwa hiyo siku ya kwanza huna haki ya kulalamika. Siku ya pili haki unayo, ila huthubutu kuchomoa waya wa umeme: huenda imebaki dakika moja. (Umeme wa mtaa wetu, ambao hukatika hata kwa wingu, siku hizo tatu haukukatika. Nauweka nao kwenye sifa.)

Mtasema kifaa chema ni kile kinachotii upesi. Basi ikumbukeni Juni 2021. Watu wenye visanduku vya My Book Live vya Western Digital, katika nchi mbalimbali, walikuta picha na hati za miaka mingi hazipo. Wadukuzi walikuwa wameviamuru kupitia intaneti virudi hali ya kiwandani, navyo vikaitika labeka. Ndani ya programu yake, mistari ya kudai nenosiri kabla ya kufuta ilikuwapo, lakini ilikuwa imezimwa, kama mlinzi anayelipwa mshahara na getini haonekani. Masasisho yalikuwa yamekoma tangu 2015. Ushauri wa kampuni ukawa kuvichomoa kwenye intaneti. Utii mtupu huo! Chetu kiliamriwa na wenyewe, kwa pini, ana kwa ana, na bado kikasita.

Jumapili jioni akaja fundi. Hakukipiga kofi, kama tulivyokwisha kufanya sisi. Alikizima, akatoa diski zote mbili, akakiwasha kitupu: taa ikatulia. Akarudisha diski ya kwanza; ikaanza kupepesa. Sehemu zake kadhaa zilikuwa zimekufa, na kisanduku kilikuwa kinajaribu kuziandika, kinashindwa, kinarudia, siku tatu, bila kuwahi kuigusa ya pili. Hiyo ya pili hakuirudisha ndani. Aliichomeka kwenye kompyuta yake ya Linux, mafolda yakajipanga kwenye kioo, harusi moja moja.

Picha ya kwanza kufunguka ilikuwa ya bibi harusi wa Mbagala, ambaye tangu Machi anatuambia atapita kulipa kesho.

"Mpigieni," akasema mzee. "Mwambieni picha zake zipo."