Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Bima

Ndugu Kamishna,

Sisi wakulima wa korosho wa Naliendele hatujambo, isipokuwa wanaoumwa. Kwanza tunashukuru kwa niaba ya mikorosho. Ikipatwa na ubwiri unga, watafiti wa kilimo wa TARI wako hapa hapa, dawa ni salfa, na hakuna mkorosho uliowahi kupanda basi kwenda Dar es Salaam. Mwenye shamba akipatwa na saratani, huyo ndiye wa kupanda.

Kadi ya bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa, tuliyoikata kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, tunaiheshimu. Inatufikisha hospitali ya mkoa, Ligula, na pale inashuka. Tumeiomba saratani ifuate ngazi, isivuke mkoa, haisikii. Mionzi ni hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, aghalabu siku tano kwa wiki, pengine wiki tano, na wengi hawalazwi: unapigwa, unaondoka. Kwenda wapi? Kwa binamu wa Mbagala mwenye chumba kimoja. Wiki ya kwanza ni "karibuni sana". Ya tatu anauliza kama daktari hajasema lolote. Nako nyumbani ni Julai, mikorosho imetoa maua, hakuna wa kupuliza salfa.

Ndipo tuliposikia habari za bima ya magonjwa makubwa. Ukithibitika una saratani au kiharusi, unalipwa fedha kwa mkupuo, utumie utakavyo: nauli, pango, hata kibarua wa salfa. Aliibuni Marius Barnard, daktari wa upasuaji wa moyo wa Afrika Kusini, mwaka 1983, alipoona wagonjwa wanapona huku wamefilisika. Bima nyingi za namna hii zinataka mgonjwa aishi kwanza siku kadhaa, pengine 30, ndipo alipwe. Sharti hilo tumelipitisha bila mjadala. Hata sisi tulikuwa tunapendelea aishi.

Ila mawakala wanawakimbilia wenye mshahara, eti makato yao ni ya uhakika. Ndugu Kamishna, nani anakatwa kwa uhakika kumshinda mkulima wa korosho? Fedha ya mnada haijamfikia, wameshakata halmashauri, chama cha msingi (AMCOS), chama kikuu, ghala na msafirishaji. Ruhusuni kato moja zaidi la bima hii, la hiari, lisomeke kwenye risiti ya AMCOS, na masharti yawe ya Kiswahili kinachoeleweka bila mwanasheria. Minada huanza Oktoba. Tutakuwepo kwenye foleni.

Wenu katika makato,
Mkulima, Naliendele

Nakala: Binamu, Mbagala.