Duka Lenye Roho ya Paka

Supamaketi ya Uchumi ilizaliwa mwaka 1975 kwa mkono wa mashirika ya serikali ya Kenya, ili mwananchi apate bidhaa kwa bei nafuu. Nia njema kabisa. Waliitwa hata Waitaliano waje kuongoza, maana huenda ilionekana kupanga unga wa ugali kwenye rafu ni elimu ya Ulaya.

Na kwa kweli ilifana. Mwaka 1992 hisa zake ziliingia Soko la Hisa la Nairobi, na familia zikaenda Uchumi ya Barabara ya Ngong kama waendao matembezi: kununua kidogo, kutazama sana.

Lakini Juni 2006 ilifungwa. Serikali, ambayo siku zote haina pesa za dawa, ikazipata za supamaketi, na baada ya wiki chache milango ikafunguliwa. Mwaka 2011 hisa zikarudi sokoni kwa shangwe. Oktoba 2015 ikafunga maduka yake Uganda na Tanzania, ikiwaachia majirani wafanyakazi wasio na kazi na wasambazaji wenye ankara mikononi. Kisha, mwaka 2020, wadai wa Kenya wakaombwa wakubali kulipwa polepole. Wakakubali. Wangefanyaje?

Wakubwa walibadilishwa, mikakati ikaandikwa upya. Rafu tu ndizo zilizosema kweli: zilikuwa tupu.

Wewe msambazaji unayesoma haya, duka likikuambia limefufuka, lipongeze. Kisha dai pesa taslimu kabla hujashusha maziwa.