Mshika Kandili

Katika vyombo vyote ambavyo wanadamu wamevizua kwa ajili ya kazi za mikono, sidhani kama kipo kinachodai nuru kwa inda kama cherehani. Maana jembe laweza kulima kwa mbalamwezi, na mwiko hujua njia yake chunguni hata gizani, lakini sindano, ambayo kazi yake yote hutendeka katika nafasi isiyozidi upana wa ukucha, haitaki nuru ya chumbani wala ya mezani, bali ile iangukayo pale pale inapotoboa. Na juu ya pale pale ndipo aliyeiunda mashine hiyo alipopitisha mkono mnene wa chuma, kana kwamba alihofia sindano isipigwe na jua.

Bwana Isaac Singer alipopata hataza yake huko Marekani mwaka 1851, taa ya Edison ilikuwa imebakisha miaka 28 kuzaliwa, kwa hiyo si insafu kumlaumu kwa kutotia globu. Lakini angaliweza, kwa hisani yake, kuacha walau kijiti cha kutundikia kandili. Kwa kuwa hakufanya hivyo, kijiti hicho kilikuwa mimi.

Shangazi yangu alikuwa mshoni mtaani kwetu Ng'ambo, Unguja, katika zama ambazo umeme, uliokuwa umekwisha kulizoea Jumba la Ajabu alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, ulikuwa bado haujaona haja ya kuvuka Darajani ukaja kututazama hali. Mchana alishona mlangoni, na nuru ilikuwa ya Mwenyezi Mungu, haina utambi wala bei, ama usiku, hususan katika kumi la mwisho la Ramadhani, ambapo kila mzazi hukumbuka kwa ghafla kwamba ana watoto na kwamba watoto hao wana miili, aliita kwa sauti laini isiyokubali udhuru: "Njoo, baba, unishikie taa."

Nilisimama kuumeni kwake, na shina la cherehani likaizuia nuru isifike. Nikahamia kushotoni, ambako wajuzi husema ndiko nuru ya kushonea hutakiwa kutoka, kwa sababu sindano iko upande huo wa shina. Lakini mkono wake wa kushoto, uongozao kitambaa, ulitandaza kivuli juu ya mshono wote. Nikarudi nyuma yake, kikaja kivuli cha kichwa, tena chenye ushungi. Palibaki mahali pamoja tu, nako ni mbele, uso kwa uso naye, upande ambao kitambaa hutokea kikiwa kimekwisha kushonwa, na hapo kandili, ambayo haikupata kuwa na adabu, iliipokea kila kanzu nyeupe kwa masizi. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Misri karibu na mwaka 1040, alijisumbua kufanya majaribio katika vyumba vya giza hata akabainisha, katika Kitab al-Manazir, kwamba nuru hwenda kwa mistari iliyonyooka. Laiti angalipata shangazi mshoni, jambo hilo angalilijua kwa usiku mmoja, na kwa kofi moja.

Wala sikuwa peke yangu. Mumewe alikuja kutazama kuna nini, akaleta kivuli chenye tumbo. Jirani aliyekuja kuulizia suruali ya mwanawe aliinama kuona kama kitambaa kinachoshonwa ndicho chake, nasi sote tukawa gizani. Kila aliyekuja kusaidia alikuja na kivuli chake, na aliyekuja kushauri alikuja na kikubwa zaidi. Na haya yote ni katika nguo nyeupe, ambayo kwa ukarimu wake humrudishia mshoni sehemu kubwa ya nuru anayoipa. Buibui jeusi kwa uzi mweusi huimeza nuru yote na kuomba nyingine.

Ndipo ikanunuliwa karabai. Sikumbuki chombo kilichopata kuingia nyumbani kwetu kwa taadhima kama ile: ilipopigwa pampu ikaanza kunguruma, majirani walitoka barazani, na shangazi akanivua madaraka yangu papo hapo. Kuitundika darini hakukufaa, kwani mkono wa chuma wa Bwana Singer ulikuwa ungali mahali pake. Akaiweka juu ya meza ya cherehani, karibu na sindano, kwa hoja ambayo haina kasoro, maana ukiisogeza taa ikawa nusu ya masafa ya awali, nuru yake huzidi takriban mara nne. Alichokisahau ni kwamba soksi ya karabai, ikisha kuungua mara ya kwanza, si kitambaa tena bali ni majivu yaliyokubaliana kushikana kwa muda, ilhali meza ile, shangazi akishika kasi kwenye kanyagio, ilitetemeka mpaka mkasi ukatembea.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Idi, na kilichokuwa chini ya sindano ni kanzu yangu. Soksi ilianguka bila ya kuaga. Lakini miguu ya mshoni iliyokwisha kupata mwendo haipokei habari upesi, na gurudumu nalo lina ukaidi wake. Cherehani iliendelea gizani kwa muda wa kutosha kabisa kuufunga mdomo wa mfuko wangu wa kulia, kwa mshono ambao fundi yeyote angaliuonea fahari. Sikukuu ile nilizunguka nyumba za jamaa nikipokea senti kwa mkono wa kulia na kuzitia mfuko wa kushoto, nikipinda mwili kila mara, hata bibi mmoja akaniuliza kama nimeteguka.

Umeme ulipowasili nao ulikuja na vituko vyake. Globu ya wati 15 iliyojificha mwilini mwa cherehani mpya ilimuunguza shangazi kipaji kila alipoinama kutunga uzi. Taa ya tyubu iliyofuatia, ambayo kwa umeme wetu wa mizunguko 50 humulika na kufifia mara 100 kwa sekunde, humfanya mtazamaji alione gurudumu linalokwenda mbio kana kwamba limesimama, au linarudi kinyumenyume. "Sindano yaenda na gurudumu lasimama," akasema, akasoma Ayatul-Kursiyyu, akazima swichi.

Sasa cherehani ile ya zamani iko kwa binti yangu, naye ameipatia taa ndogo ya LED yenye shingo ya kupinda na sumaku kitakoni. Jambo hili limefaulu, nakiri, kwa sababu mwili wa mashine ni chuma kitupu. Cherehani nyingi za siku hizi, zilizovikwa plastiki, zingaliiangusha miguuni. Ila sumaku haichagui. Pini zote zimehamia huko zikasimama kuizunguka, sindano iliyo mkononi hugeuza kichwa kabla hujaitunga uzi, na ufunguo wa kabati, tuliokwisha kuulilia na kumdhania mtu, ulikutwa umenasa nyuma ya taa.

Ramadhani iliyopita shangazi, ambaye umri umempunguzia mambo mengi lakini si ukali, aliketi mbele ya taa hiyo akaisifu. Binti yangu akatoa sandukuni kanzu ya utotoni mwangu ampunguzie mwanawe, akaiweka chini ya sindano. Shangazi akavaa miwani, akauchunguza mfuko wa kulia kwa muda mrefu.

"Nani alikushonea hii?"

"Fundi mmoja wa zamani, shangazi."

"Alikufunga mfuko! Mtoto wa watu, siku ya Idi! Na ujira ulimpa?"

"Baba alimpa kamili."

"Yu hai?"

"Yu hai, alhamdulillahi."

"Basi kamdai."

Nikamjibu kwamba nitamdai, ila mtu mwenyewe ni mzima kwangu, tena mkali, na afadhali nimngoje kwanza afuturu.