Chakula cha Dakika 15

Mama watoto alipopangiwa zamu ya usiku, alitaka atuachie wali kabisa kabla hajatoka. Nikamkatalia kwa mbwembwe. Nilikuwa nimeona video ya dada mmoja wa Dar es Salaam akitengeneza pizza ya Kimeksiko juu ya totila: anapaka sosi ya nyanya, maharage, nyama ya kusaga, jibini, anatia kwenye oveni. Dakika 15, watu wanakula. Nasi tunaishi Houston, ambako duka la karibu lina rafu nzima ya totila. Nikishindwa hapa nitaweza wapi?

Rafu nzima, na ndipo nilipokwama. Kuna za ngano, pana na laini kama chapati, na kuna za mahindi, ndogo kama visosi. Yule dada hakusema zipi. Mimi mtu wa Tanga nikiona mahindi moyo hulainika, basi nikabeba za mahindi. Asili ya mahindi ni hukohuko Meksiko, na wenyewe huyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Sisi mbegu ilitufikia bila maelekezo, tukasonga ugali.

"Siyo totila, Baba. Totiya," binti yangu akanisahihisha. Kwa Kihispania l mbili husomeka y. Sawa, totiya. Mdogo wake naye akawa anasoma kopo la maharage ya kupondwa, akafika kwenye mafuta ya nguruwe. Kopo likatoka nje kimyakimya. Kwenye friji mlikuwa na maharage ya nazi ya jana, nikayaponda kwa mwiko. Nikapanga totiya sita kwenye trei, nikaweka oveni 200 kama video ilivyoelekeza, nikakaa kusubiri sifa.

Dakika 15 zikaisha. Jibini imekaa vilevile nilivyoinyunyiza. Nikaongeza 15 nyingine. Sasa inatoka jasho kidogo, na kingo za totiya zimeinuka kama masikio ya mbuzi aliyesikia jambo.

"Baba," binti akaita, kwa ile sauti ya mama yake, "hii oveni ni ya Farenhaiti."

200 ya Houston ni 93 ya Dar es Salaam. Hata maji ya chai hayachemki. Nusu saa nzima sikuwa napika, nilikuwa naanika.

Mtu mwenye busara angepandisha hadi 400 akatulia. Mimi nilishapandwa na hasira, na watoto walishaanza kula mkate mkavu, nikawasha moto wa juu mpaka mwisho nikaenda kutafuta sahani. Sahani zetu hazikai mbali. Lakini king'ora cha moshi cha nyumba hizi za kupanga hakihitaji muda: kiko darini, kati ya jiko na vyumba, na kinaamini kila moshi ni msiba. Nikapanda kiti na kanga ya mama watoto, mpya, yenye maneno "Hasidi hana sababu", nikawa nakipepea. Kikazidi. Mwanangu akafungua dirisha, likaingia joto la Texas, moshi ukabaki.

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yetu, mama mtu mzima wa Oaxaca ambaye wanangu humwita Bibi, ameshika ufagio. Hakusalimia. Akainua mpini, akabonyeza kitufe, kimya. Akatazama trei, akavunja kipande, kikalia kaa! Akacheka mpaka akakaa.

"Tlayuda!"

Binti akawa mkalimani. Kwao Oaxaca kuna totiya kubwa inayokakamazwa juu ya makaa, ikapakwa maharage na kuwekwa jibini ya nyuzinyuzi. Watalii ndio huiita pizza ya Kimeksiko. Hii yangu, alisema, ni tlayuda iliyotoroka kwao ikalala njiani. Hata hivyo akakwangua jibini iliyoungua kwa kisu, akala. Akaongeza ya pili. Tukala wote, saa tatu usiku, kwa mlio wa watu wanaotafuna vigae.

Kisha akauliza maharage yana nini. Nazi, nikamjibu. Na yanachukua muda gani?

Mama watoto aliyaloweka Jumamosi usiku, akayachemsha karibu nusu ya Jumapili. Nikamtazama binti yangu.

"Mwambie dakika 15."