Mama Mkwe na Skrini Iliyogoma

Mama mkwe wangu ana kanuni moja kuhusu vyombo vya umeme: kikigoma, kipigwe. Basi alipokuja Dar kumwona mjukuu, akakuta skrini ya kompyuta yetu inawaka sekunde mbili kisha inazimika, kiganja kilishanyanyuka kabla mzigo haujatuliwa.

"Mama, ngoja kwanza," nikamwomba. Mkwe haambiwi "acha".

Skrini yenyewe ni ya mtumba, inchi 17, ya enzi zile za umbo la kukaribia mraba. Mke wangu ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA, hesabu zote zimo humo, na kikao kilikuwa kinakaribia. Alishaanza kutaja bei ya skrini mpya kwa ile sauti ya kujisemea peke yake, ambayo kila mwanamume aliyeoa anaijua.

Nikazima taa ya sebuleni, nikamwomba mama mkwe amulike kioo kwa tochi, kwa upande upande. Picha ikajitokeza gizani, hafifu: saa, aikoni, hadi jedwali la marejesho.

"Kumbe haijafa," akasema. "Imefumba macho tu."

Sijasikia fundi aliyeeleza vizuri zaidi. Kioo cha LCD hakina mwanga wake. Kinachuja tu mwanga wa taa zilizo nyuma yake. Katika skrini za umri ule, taa hizo ni mirija myembamba ya gesi yenye zebaki kidogo ndani, na kuwaka kwake kunataka mamia ya volti. Kuzizalisha ni kazi ya bodi ya inveta, nayo ikihisi mambo hayaendi sawa, hujizima yenyewe. Ndizo zile sekunde mbili.

Usiku ule marejesho yalijazwa kwa tochi. Mama anamulika safu kwa safu, mwanawe anaandika, na kila jina la mdaiwa sugu likipita, tochi inasimama hapo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Kufungua skrini mbele ya mama mkwe ni kazi ya adabu. Bukta haivaliki, na feni imezimwa isipoze pasi ya kulehemu, kwa hiyo nililoa jasho ndani ya suruali ndefu. Tulichomoa waya ukutani, tukasubiri, kisha nikapima kwa mita, maana ile kapasita kubwa ya upande wa umeme wa nyumbani inaweza kubeba volti zaidi ya 300, na haina habari kwamba umechomoa. Fremu haina skrubu. Imeng'ang'aniwa na vijino vya plastiki. Kila kijino kikiachia, kwaa! "Yarabi," anasema mama mkwe. Mke wangu anatazama dirishani.

Ndani, ugonjwa ulijionyesha wenyewe. Kapasita mbili jirani na inveta zilikuwa zimevimba vichwa kama maandazi, moja imetoa utomvu wa kahawia uliokauka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita nyingi zilitoka viwandani zikiwa na majimaji mabovu ndani, na skrini za rika hilo zikaumwa ugonjwa huo huo.

Kariakoo, muuzaji alinipa za volti 16 akisema "ni zile zile". Si zile zile. Ya zamani imeandikwa volti 25, mpya iwe 25 au zaidi, kamwe isipungue. Na uchague iliyoandikwa nyuzi 105, maana mle ndani kuna joto. Upande wenye mstari ni hasi. Ukiugeuza, kapasita inaweza kupasuka.

Nilipopata zinazofaa, nikalehemu, nikafunga, nikachomeka. Kabla sijabonyeza swichi, mama mkwe akaipiga skrini kofi moja la heshima. Nikabonyeza. Ikawaka, ikaendelea kuwaka.

"Si nilisema ipigwe?" Na kijijini kwao ndivyo habari ilivyofika.

Kapasita zote mbili hazikufikia bei ya nauli ya bodaboda niliyorudi nayo. Kama nawe una skrini ya aina hiyo stoo, imulike kwanza kwa tochi kabla hujamwita muuza vyuma chakavu. Ukiona picha, mtafute fundi wa kapasita. Na kama ni taa zenyewe zilizokufa, usizivunje: zile zina zebaki.